Maganda ya hindi ni kinga ya kwanza dhidi ya sumukuvu

Kati ya Januari na Juni mwaka 2004, watu 317 waliugua nchini Kenya na 125 kati yao wakafariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Wilaya za Makueni na Kitui zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Ilibainika kuwa mahindi mengi yalikuwa yamehifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu. Ndiyo maana wakulima huhimizwa kukausha nafaka kabla ya kuiweka ghalani.

Hata hivyo, kuvu inayotoa sumu hiyo, Aspergillus flavus, huishi udongoni na mara nyingi huyavamia mahindi yakiwa bado shambani. Kwa sababu hiyo, kinga huanzia kwenye mmea wenyewe.

Kinga ya kwanza ni maganda. Yakiwa marefu na kulibana hindi hadi kupita ncha yake, wadudu na maji ya mvua huingia kwa shida. Hindi lenye ncha wazi hutobolewa na wadudu na kudonolewa na ndege, na kila jeraha huwa mlango wa kuvu.

Aina ambazo hindi huinama linapokomaa nazo zina nafuu, kwani maji huchuruzika badala ya kutuama ndani ya maganda.

Punje nayo ina ulinzi wake. Punje ngumu, yenye ngozi isiyo na nyufa na tabaka nene la nta, haipenyeki kwa urahisi. Baadhi ya aina zina pia protini zinazozuia kuvu kukua.

Sifa nyingine ni kustahimili ukame. Joto kali na upungufu wa maji wakati punje zinapojaa hudhoofisha mmea na kurahisisha kazi ya kuvu.

Mwaka 2008, Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA), kwa kushirikiana na watafiti wa Marekani, ilitoa mbegu mama sita zenye ukinzani dhidi ya sumukuvu ili zitumike kuzalisha aina mpya za mahindi.

Pamoja na hayo, hakuna mbegu yenye kinga kamili. Mkulima anaponunua mbegu, inafaa aulize kuhusu maganda na ugumu wa punje, si wingi wa mavuno pekee. Baada ya kuvuna, bado anapaswa kuanika mahindi juu ya turubai hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 na kutenga punje zilizooza, kwa kuwa kupika hakuiondoi sumu hiyo.