Wapangaji wa Usiku katika Kopo la Mkaa

“Dada, motokari yangu inanuka esanse kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumapili. Jumatano hainuki. Nimebadilisha mipira mara mbili, na fundi anasema nibadilishe tena.”

Ameandika hivyo msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, anayeishi Troyeville, mtaa wa mteremko mashariki mwa katikati ya jiji la Johannesburg, ule ambao ukisimama juu yake unauona uwanja wa Ellis Park umekaa chini kama bakuli. Esanse ni petroli. Wasomaji wa Tanga na Mombasa watuvumilie. Gari lake ni la miaka mingi, limepita mikono kadhaa, na mkono wa mwisho haukuacha kitabu cha matengenezo.

Mimi nililipenda neno moja tu katika barua hiyo: Jumatano. Mpira uliotoboka haujui kalenda. Kama petroli ingekuwa inavuja kwenye mpira, ingevuja Jumatano kama inavyovuja Jumamosi, na fundi angeona unyevu au alama yake. Harufu yenye ratiba ni jambo jingine kabisa.

Sitaeleza injini ya petroli inavyofanya kazi. Hilo lina vitabu vyake. Nitapita haraka pia kwenye orodha ya kawaida ya mafundi, ingawa ni orodha nzuri na yote inahusu saa. Ukinusa asubuhi gari likiwa baridi, kisha harufu ikapotea injini ikipata moto, shuku oringi za nozeli, kwani mpira uliozeeka husinyaa kwa baridi. Ukinusa dakika chache baada ya kuzima gari la kabureta, ni petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inayochemshwa na joto la injini. Ukinusa ukipanda mlima na tangi limejaa, nyanyua kiti cha nyuma. Kwenye magari mengi madogo chini yake kuna mfuniko wa pampu ya tangi, na sili yake huchoka. Kisha vuta stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli, na gari ni la zamani lenye pampu inayoendeshwa na injini, huenda kiwambo cha pampu kimepasuka.

Wakati wa kunusa, amini pumzi ya kwanza unapofungua mlango. Baada ya dakika chache pua huzoea na kuanza kukudanganya. Na inama, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hukaa kwenye zulia.

Basi, tuje kwenye kilichonifanya niandike.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya viambata, vizito kwa vyepesi, na miongoni mwa vyepesi yumo butani, ndugu yetu wa mtungi wa gesi ya kupikia. Butani akiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi sifuri hivi. Ndani ya petroli hushikwa na wenzake, lakini kila tangi likipata joto hutafuta mlango. Huko Johannesburg, mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, mlango huo ni mwepesi zaidi. Hewa inaelemea kwa karibu moja ya tano pungufu kuliko Dar es Salaam, na kioevu kisichoelemewa sana huinuka upesi. Ongeza hali ya hewa ya nyanda hizo, ambako usiku wa kipupwe unakaribia kuganda na mchana jua linachoma bati. Tangi linavuta pumzi usiku na kuitoa mchana, kila siku, hata gari likiwa limeegeshwa.

Zamani pumzi hiyo ilikwenda mbinguni. Kisha jimbo la California, lililokuwa limechoka na ukungu wa moshi, likaamuru magari ya mwaka 1970 yaizuie, na mwaka 1971 amri ikaenea Marekani nzima. Wahandisi wangeweza kubuni chombo cha ajabu cha vali na mapampu. Badala yake walichukua kopo, wakalijaza mkaa.

Mkaa! Ule ule tunaoupigia hodi kwa jirani. Ila huu umepitishwa mara ya pili kwenye mateso, kwa mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 au zaidi, au kwa tindikali, mpaka kila chembe imetafunwa vijitundu ndani ya vijitundu. Gramu moja ya mkaa wa namna hii ina kuta zenye eneo la mita za mraba 1,000 na zaidi. Gramu saba, yaani kijiko kikubwa na ziada kidogo, ukiweza kuzikunjua, zinafunika kiwanja cha mpira. Msomaji wetu akisimama mlangoni kwake akautazama Ellis Park, ajue kwamba chini ya boneti lake ana nyasi za viwanja vingi kama hicho, zimekunjwa ndani ya kopo linaloshikika kwa mkono mmoja.

Tabia hii ya mkaa si siri mpya. Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, aliona mwaka 1773 kwamba mkaa hunywa gesi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulitiwa ndani ya vinyago vya askari kuzuia gesi ya sumu, na Wamarekani wakawa wanakusanya kokwa za pichi na vifuu vya nazi kwa kazi hiyo. Kifuu, ndiyo. Kile tunachokitupa baada ya kukuna.

Nimesema mkaa “hunywa” gesi, na hapo nimekosea kwa makusudi. Sifongo hunywa maji, maji yakaingia mwilini mwake. Hilo tunaliita kufyonza. Mkaa haufanyi hivyo. Gesi hukaa juu ya kuta zake tu, kama vumbi juu ya fanicha, ikishikwa na mvuto hafifu. Mwaka 1881 mwanafizikia Heinrich Kayser alipotaka kulitenganisha jambo hili na ufyonzaji, alichukua neno la zamani, absorption, akabadilisha herufi moja, b ikawa d, likawa adsorption, akaenda zake. Sisi je? Nimejaribu “ugandaji”, likanipeleka kwenye maziwa mtindi. Nimejaribu “unataji”, likaninukia gundi. Mwishowe nimetulia kwenye kunasa. Ndege hunasa kwenye ulimbo, juu ya tawi na si ndani yake. Nalo lina zawadi ambayo Kayser hakuipata: Kiswahili kinajua kufungua kile kilichofungwa, kufukua kilichofukiwa, na kunasua kilichonaswa. Unasaji na unasuaji. Ukiyajua haya mawili umeshalijua kopo lote, kwa kuwa mkaa unaonasa bila kunasua ungejaa siku ya tatu.

Namna ya kulielewa nitaichukua kwenye mitaa ya msomaji mwenyewe. Katika sehemu za zamani za Johannesburg kuna nyumba za vyumba vinne ambazo zimegawanywa kwa mbao na mapazia mpaka zimekuwa na vyumba kumi na sita. Ukubwa wa nyumba haujaongezeka hata inchi. Kilichoongezeka ni kuta, na kila ukuta ni mahali pa kuegeshea godoro. Hivyo ndivyo mkaa ulivyo.

Wapangaji wake ni molekuli za petroli. Gari likizimwa, wanaanza kuwasili kutoka kwenye tangi kupitia bomba jembamba, butani wakiwa mbele, na kila mmoja anapata ukuta wake. Kila anayelala huacha joto kidogo, hivyo kopo linalopokea wageni wengi hupata uvuguvugu. Asubuhi unawasha gari. Injini inavuta hewa, na kabla haijakaa sawa mlango hubaki umefungwa; ikishapata moto, vali ndogo inafunguka, naye ni msimamizi wa nyumba anayegonga milango: haya, kazini! Hewa safi inaingia kwa tundu la upande wa pili, inapita vyumbani, inawanasua wapangaji mmoja mmoja na kuwapeleka kwenye injini, ambako wanachomwa kwa faida ya mwenye gari. Nyumba inabaki tupu kwa ajili ya usiku unaofuata.

Mahali hapa kifuu chetu, najuta kusema, kinashindwa. Mkaa wa kifuu una vyumba vyembamba mno. Mpangaji akishajipenyeza hatoki. Kwa kinyago cha vitani hiyo ni sifa. Kwa gari ni balaa. Ndiyo maana makopo ya magari hujazwa mkaa wa mbao, wenye vyumba vipana kidogo. Hata humo wapo wapangaji sugu, zile molekuli nzito ambazo msimamizi akigonga zinajigeuza upande wa pili. Mwaka baada ya mwaka huongezeka, na kopo la gari kuukuu huwa na nafasi pungufu kuliko siku lilipotoka kiwandani.

Lakini hao hawakuleta harufu ya Ijumaa. Nilimwandikia msomaji wetu swali moja: unajaza mafuta lini, na kiasi gani? Akajibu kwamba analipwa Ijumaa, na Ijumaa anajaza “mpaka shingoni”. Afrika Kusini hujihudumii petroli mwenyewe. Anakujazia mhudumu wa kituo. Bomba likikata “tak”, yeye humwomba aongeze, na aongeze tena, ili wiki nzima asirudi.

Nafasi iliyoachwa juu ya tangi si uzembe wa kiwanda. Petroli hutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi ikiwa ya baridi. Lita 45 zikipata joto nyuzi 15 zaidi, zinaongezeka kwa zaidi ya nusu lita. Nusu lita hiyo itakwenda wapi tangi likiwa limejaa mpaka shingoni na gari limeegeshwa mteremkoni? Itafuata bomba jembamba la pumzi, ikiwa kioevu sasa, moja kwa moja hadi kwenye kopo. Nyumba iliyojengewa wapangaji imeingiwa na mafuriko. Kuta zote zimelowa, hakuna pa kuegesha godoro, na wageni wa Ijumaa usiku wanamwagika barabarani kwa lile tundu la hewa safi. Kutoka hapo wanaingia chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu yanayolisha feni, na ndani ya gari. Kufikia Jumatano injini imekausha kiasi, tangi limepungua, na nyumba inavumilika. Mpaka Ijumaa.

Mipira mipya haikuwa na hatia wala msaada.

Kwa hiyo dawa ni ya bei nafuu. “Tak” ya kwanza ndiyo ya mwisho. Kopo litafutwe kwa kulifuata bomba la pumzi kutoka kwenye tangi, litolewe na litikiswe. Likinyamaza, sawa. Likilia kama dafu, limezama na litafutiwe jingine. Magari mengine ya zamani hayana kopo kabisa, hayo yarudi kwenye orodha ya juu. Na ukiona tone popote, usiwashe gari, vuta hatua nyuma, ita fundi.

Nilidhani makala imeishia hapo. Jana jioni ukaingia ujumbe kutoka Troyeville: “Dada, nimelipata kopo, nimelitikisa. Mbona ndani kuna maji?”

Si maji, kaka. Liweke chini taratibu, nje ya nyumba, na huyo jirani anayekumulikia na sigara mdomoni mwambie arudi kwake.