Mgongo Unaopinda Uzeeni: Yampasayo Mtumiaji Kuyajua

Itetemia, makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe, ilijulikana katika zama za misafara ya Ujiji na pwani, ambapo wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi. Mfupa wa kijana huimarika kwa kazi. Mfupa wa mzee hauna tena akiba hiyo.

Mfupa ni kitu hai, hubomolewa na kujengwa upya daima. Baada ya umri wa miaka 30 hivi ubomoaji huanza kushinda ujenzi, na kwa mwanamke ukomo wa hedhi huuharakisha. Pingili ya uti wa mgongo iliyodhoofika huweza kubonyea mtu anapoinama tu kunyanyua ndoo ya lita 20, yenye kilo 20 za maji. Mara nyingi hubonyea bila maumivu makali. Zikibonyea kadhaa, kimo hupungua, kibiongo hutokea, na kifua na tumbo hubanwa.

Kwa hiyo kibiongo kisidhaniwe kuwa ni umri tu. Aliyepungua kimo kwa sentimita 4 au zaidi, au aliyeshikwa ghafla na maumivu ya mgongo, aende kituo cha afya akachunguzwe. Miguu ikilegea, haja isipozuilika, au homa na kukonda vikiandamana na maumivu, asicheleweshwe, kwani kifua kikuu nacho hushambulia pingili.

Tunawatahadharisha wanunuzi: hakuna unga, mafuta wala kidonge kinachonyoosha pingili iliyobonyea. Dawa za kupunguza hatari ya kuvunjika zipo, lakini huandikwa na tabibu. Vidonge vya maumivu visivyo na jina visinunuliwe. Prednisoloni, ikitumiwa kwa muda mrefu, hudhoofisha mifupa. Hata hivyo, aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla pasipo ushauri wa tabibu.

Kinga haina gharama kubwa: dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, maziwa, uji wa ulezi, mwanga wa jua na kutembea kila siku. Tumbaku, ijapokuwa ni zao kuu la Tabora, hudhuru mifupa ya mvutaji. Maji yagawanywe katika vyombo vidogo, na vijana wa nyumbani wawapokee wazee ndoo. Mzee asiye na uwezo aulize kituoni kuhusu msamaha wa malipo kabla ya kukata tamaa ya matibabu.