Ganzi ya Meno: Istilahi, Tiba na Uimara wa Gundi

Makala haya yananuia kueleza jinsi tiba ya ganzi ya meno inavyoathiri uimara wa gundi inayoshikiza kijazo cha jino, pamoja na nafasi ya istilahi katika tiba hiyo.

Mjini Isiolo, Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali hukutana sokoni na hospitalini, na aghalabu Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Mgonjwa asemaye kuwa meno yake yana ganzi huenda akaeleweka visivyo, kwani neno hilo hubeba maana mbili zinazokinzana: kutohisi chochote, kama baada ya sindano ya ganzi, na yale maumivu ya ghafla yanayolichoma jino liguswapo na ndimu au maji baridi.

Ganzi hii ya pili chanzo chake ni dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Dentini ina maelfu ya mirija midogo mno iliyojaa majimaji. Enameli ikilika au ufizi ukishuka, mirija hubaki wazi. Baridi ikiigusa, majimaji husogea na kuamsha neva. Nadharia hii iliimarishwa na Martin Brännström wa Uswidi katika miaka ya 1960.

Dawa nyingi za ganzi, kama vile floraidi na oksaleti, huiziba mirija hiyo. Hapa ndipo utata unapozuka. Ili gundi ishike, asidi hutangulia kuondoa madini na kufichua nyuzi za kolajeni, kisha gundi hupenya na kugandamana nazo. Tabaka hilo mseto lilielezwa na Nobuo Nakabayashi wa Japani mwaka 1982. Mabaki ya dawa yaweza kuizuia gundi isipenye, kijazo kikang'oka mapema. Hata hivyo, dawa hazilingani. Glutaraldehaidi, kwa mfano, huzikaza nyuzi za kolajeni na kupunguza makali ya vimeng'enya vinavyozila. Katika majaribio kadhaa ya maabara imeisaidia gundi kudumu.

Ni dhahiri, basi, kwamba daktari hana budi kujua mgonjwa alitumia dawa gani na kwa ganzi ipi. Swali jepesi latosha: jino halihisi, au linahisi kupita kiasi? Wanaleksikografia nao wanapaswa kuzitenga maana hizo mbili waziwazi, kwani mkanganyiko wa neno moja waweza kumgharimu mgonjwa jino.