Mtamba mkaidi hafundishwi kwa fimbo

Mfugaji wa Sofu, Kibaha, anayenunua mtamba aliyekulia machungani au kwenye ranchi hujikuta na tatizo ambalo hakulifikiria wakati wa kulipa fedha. Mnyama hashikiki. Akiona mtu hukimbilia kona ya zizi, na akivutwa hurusha mateke. Kwenye viwanja vya mjini, ambako nyumba zinapakana, ng'ombe wa namna hiyo ni kesi inayosubiri siku yake.

Hasara haiishii kwenye usumbufu. Joto la ng'ombe hudumu kwa kawaida saa 12 hadi 18, na anayeonekana kwenye joto asubuhi hupandishwa jioni. Mtaalamu wa uhimilishaji akifika na mnyama hashikiki, mfugaji atasubiri siku nyingine 21 huku pumba na mashudu vikiendelea kununuliwa. Hata aliyekwishazaa, akikamuliwa kwa hofu hubana maziwa.

Kinachohitajika ni hatamu ya kamba nene. Sehemu ya puani ikae juu ya mfupa, katikati ya macho na matundu ya pua, kwani ikishuka kwenye nyama laini huzuia pumzi. Kamba ya kuongozea itokee chini ya kidevu, upande wa kushoto. Kamba ya shingoni, inayotumiwa na wengi, humkaba mnyama na bado haimpi mtu uwezo wa kumgeuza kichwa.

Siku za kwanza mtamba hufungwa kwenye nguzo imara kwa nusu saa hivi, kamba ikiwa fupi na fundo likiwa la kufunguka kwa mvuto mmoja. Asiachwe peke yake, wapo waliojinyonga. Wakati huo alishwe na kusuguliwa mgongo ili aizoee mikono ya watu.

Kazi yenyewe huharibikia kwenye kuvuta. Ng'ombe wa kilo 250 hawezwi kwa misuli, na akivutwa mfululizo hujifunza kuegemea nyuma. Avutwe kwa upande ili kichwa kigeuke na mguu ulazimike kusogea. Akipiga hatua hata moja, kamba ilegezwe papo hapo. Kule kulegea ndiko ujira wake, na akicheleweshewa hataelewa amelipwa kwa lipi. Safari za mwanzo ziwe za kwenda kwenye maji au majani, si za kwenda kuchomwa sindano.

Akilala chini, wengi hukimbilia fimbo. Kumtesa ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na tena ng'ombe hukumbuka aliyempiga. Kamba ilegezwe, asubiriwe ainuke. Wafundishaji wa maksai hufunga mgeni nira moja na mzoefu. Vivyo hivyo, ng'ombe mpole akitangulizwa, mkaidi humfuata.

Kamba isizungushwe mkononi hata kidogo, kwani mnyama akishtuka huondoka na vidole. Fahali mzima ni habari nyingine: huyo ahitaji pete ya puani na watu wawili.

Anayekwenda kununua amwombe muuzaji amtembeze mnyama kwanza. Na mwenye ndama bandani aanze sasa, dakika kumi kwa siku, angali na uzito ambao mtoto wa shule anaumudu.