Duka lako liko wapi kwenye ramani?

Tunaishi mahali ambapo barabara hazina majina na nyumba hazina namba. Mtu akiuliza saluni iko wapi, tunamwambia apite soko la Isangano, ateremke kidogo, akifika kwa fundi wa pikipiki aulize tena. Na kweli atafika. Kwa miaka mingi njia hiyo imetutosha hapa Nakivale, kwa sababu wateja wetu ni majirani, na jirani hahitaji ramani.

Lakini hebu tuwahesabu wateja ambao si majirani. Yupo mnunuzi wa mahindi na maharage anayetoka Mbarara na gari lake. Yupo mfanyakazi wa shirika aliyetumwa kwa wiki mbili, anatafuta chakula cha mchana na fundi wa kumbadilishia kioo cha simu. Wapo wageni wanaokuja kuona ndugu zao, wanafika jioni na hawajui pa kulala. Na yupo binti wa mama fulani, yuko Australia au Marekani, anataka mama yake apewe unga na mafuta dukani, yeye alipe kwa simu. Hawa wote, kabla ya kumuuliza mtu, wanaiuliza simu. Simu isipolionyesha duka lako, kwao halipo, hata kama lina bidhaa nzuri kuliko maduka yote ya Base Camp.

Tusizidharau biashara zetu. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohusika na biashara binafsi, lilitoa uchunguzi wake juu ya kambi ya Kakuma kule Kenya. Lilikuta biashara zaidi ya 2,000, na manunuzi ya familia za kambi pamoja na mji wake yalikadiriwa kufika shilingi za Kenya bilioni 6 kwa mwaka, karibu dola milioni 56. Sisi huku sheria ya Uganda juu ya wakimbizi, ya mwaka 2006, inaturuhusu kufanya kazi na kufungua biashara. Soko lipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa nje kujua muuzaji yuko wapi.

Labda umeshawekwa tayari

Wengi wanafikiri mtu huingia kwenye ramani kwa kuomba. Si hivyo. Ramani za Google, zilizoanza mwaka 2005, zinamruhusu mtu yeyote mwenye akaunti kuongeza mahali panapokosekana. Kijana akila sombe kwenye mgahawa wako, akapiga picha ya sahani na kuandika jina analolijua yeye, basi umeshaingia. Inawezekana jina amelikosea. Inawezekana pini ameiweka alipokuwa amesimama akisubiri boda boda, si pale mlangoni kwako. Na wewe hujui, maana hakuna aliyekuja kukuuliza.

Ipo pia ramani nyingine, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Hiyo inachorwa na watu wa kujitolea, kila mmoja anaongeza anachokijua. Mtaa wa Kibera, Nairobi, ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani hiyo mpaka vijana wa hapohapo walipoanza kuuchora mwaka 2009. Mashirika mengi ya misaada yanaitumia. Uzuri wake mwingine ni kwamba kuna programu kama Organic Maps inayokuwezesha kushusha ramani yote siku ukiwa na mega, halafu ukaitumia hata bando ikiisha.

Basi leo chukua simu ya tachi, hata ya kuazima, andika jina la duka lako na neno Nakivale, uone kinachotokea. Ukikuta halipo, sawa, utaliweka. Ukilikuta, angalia mambo manne: jina, pini, namba ya simu na saa za kufungua.

Pini ndiyo inayowachosha wateja kuliko yote. Mita 300 mjini ni kona moja tu, lakini hapa kwetu ni kijiji kingine kabisa, na mgeni akishapotezwa mara moja hatarudi kukutafuta, atanunua kwa wa kwanza atakayemwona. Kama huna la kuandika kwenye sehemu ya anwani, kuna kitu kinaitwa Plus Code. Bonyeza kidole kwenye ramani mahali penyewe ulipo, ukishikilie kidogo, utaona herufi na tarakimu chache zinatokea. Hiyo ndiyo anwani yako. Haihitaji jina la barabara, na unaweza kuiandika hata kwenye kibao cha mlangoni au kumtumia mteja kwa ujumbe.

Kuhusu namba ya simu, hapa nawaomba akina mama na akina baba mwe makini sana. Laini isipotumika kwa muda mrefu, kampuni inaweza kuichukua na kumuuzia mtu mwingine. Sasa fikiria namba yako ya zamani bado iko kwenye ramani. Mteja anaipiga, anapokea mtu asiyekujua. Mwingine anatuma pesa ya unga, inaingia kwa huyo huyo. Atakayelaumiwa ni wewe mwenye duka, siyo ramani.

Saa za kufungua zinaonekana ni jambo dogo, lakini sisi tuna mambo yetu. Kuna wanaofunga Ijumaa kwa swala, wengine wanafunga Jumamosi kwa Sabato, na siku ya mgao nusu ya maduka yana mtoto tu anayelinda mlango. Yaandike hayo. Mtu aliyelipa boda boda kutoka Juru akakuta kufuli, hasira yake ataiandika palepale kwenye ramani ili wote waisome.

Kuchukua usimamizi wa ukurasa wako

Ukitaka wewe mwenyewe uwe unayebadilisha habari hizo, unaomba Google ikutambue kuwa ndiye mwenye biashara. Ni bure kabisa, na huhitaji kuwa na tovuti. Kijana anayekusaidia anaweza kukuomba kidogo kwa muda wake na mega zake, hiyo ni haki yake, mkubaliane. Lakini mtu akikupigia akisema anatoka Google, eti utoe pesa ili duka lisifutwe, huyo ni mwizi. Na zile tarakimu za siri zinazoingia kwenye simu yako kwa ujumbe, usimsomee mtu yeyote.

Siku hizi njia ya kuthibitisha mara nyingi ni video. Unapiga kwa simu, bila kukatakata: kwanza mahali palivyo kwa nje, halafu kibao chenye jina, halafu vitu vya kazi, na mwisho jambo linaloonyesha kuwa wewe ndiye mwenye pale, kama kufungua kufuli kwa ufunguo wako. Kwetu hakuna kibao cha barabara, kwa hiyo onyesha kitu kisichohama kilicho karibu, shule, kisima au jengo la ofisi. Usionyeshe sura za watu wala kadi yako ya ukimbizi. Usikate tamaa ikikataliwa mara ya kwanza. Mara nyingi sababu ni kwamba jina uliloandika si lile lililo kwenye kibao. Kama huna kibao, tafuta ubao na rangi kwanza, halafu ndiyo uje kwenye simu.

Ukishakubaliwa unaweza kuweka picha, kujibu yale wateja wanayoandika, na kuona ni watu wangapi walikupigia au waliomba njia ya kufika kwako kupitia ramani. Hapo ndipo faida inapoonekana. Tuseme mama mshonaji wa vitenge ameweka picha tano za magauni aliyoyashona na namba inayopatikana. Bibi harusi wa Rubondo anampigia kabla hajapanda boda boda, anauliza bei na siku, anakuja akiwa ameshaamua. Mshonaji hakupoteza nusu siku kwa mtu wa kuangalia tu. Ila picha ziwe za kazi yako kweli, si za kuchukua Kampala.

Mtu akiandika neno baya, mjibu kwa heshima na kwa ufupi, mwambie umefanya nini kurekebisha. Usiwalipe watu waandike sifa. Inakatazwa, na watu wa hapa tunajuana. Tutatambua mara moja kuwa wote walioandika ni watoto wa nyumba moja.

Niseme pia ukweli: si kila biashara inahitaji haya. Mama anayeuza nyanya kwa mafungu mbele ya nyumba, wateja wake ni wapita njia, asitumie hata mega moja. Wanaofaidika ni wale wanaotafutwa na mgeni: chakula, malazi, ufundi, ushonaji, saluni, duka la dawa, wanunuzi wa mazao, wapokeaji wa pesa kwa simu.

Mtoto akisafiri na duka

Jambo hili halisemwi na wanaofundisha biashara mijini, kwa sababu haliwapati. Kwetu, anayejua mambo ya simu ni mtoto. Mama anamwambia kijana wake, niwekee duka kwenye ramani, naye anaweka kwa akaunti yake mwenyewe. Vizuri. Mwaka unapita, faili ya kijana inaitwa kwa safari ya nchi ya tatu, familia inalia na kufurahi, kijana anapanda ndege. Neno la siri ameondoka nalo. Kule anabadilisha simu, anabadilisha namba, anaisahau ile akaunti. Mama anahama kibanda kutoka upande mmoja wa soko kwenda mwingine, na ramani inaendelea kuwapeleka watu kwenye kibanda cha zamani ambacho sasa kina mwenyewe mwingine.

Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema. Duka lifunguliwe kwa akaunti ya duka lenyewe, si ya mtoto. Neno la siri liandikwe kwenye daftari na kuwekwa pale panapowekwa kadi za familia. Halafu aongezwe mtu wa pili kama msimamizi, labda mtoto anayefuata au shemeji anayeaminika. Kama duka tayari liko kwa akaunti ya anayesafiri, anaweza kulihamishia kwa mwingine, lakini Google humwekea mtu mpya siku 7 za kusubiri kabla hajaweza kushika umiliki mkuu. Kwa hiyo msingoje usiku wa kuamkia safari. Familia ikishapewa tarehe, fanyeni wiki hiyo hiyo, pamoja na kugawana masufuria.

Na ukihama kibanda, usifungue ukurasa mpya. Badilisha mahali kwenye ule ule wa zamani, usije ukawa na maduka mawili kwenye ramani, moja la kweli na moja mzuka.

Unataka kupatikana na nani?

Ramani haichagui anayeisoma. Ile ile inayomleta mnunuzi wa Mbarara inaweza kusomwa na mtu aliye Bukavu, Bujumbura au Mogadishu. Kati yetu wapo waliokimbia vita kwa jumla, na wapo waliokimbia mtu fulani kwa jina lake: mume mpigaji, familia inayodai binti arudishwe, wenye silaha, wadai wa shamba. Kwa hao, kuandika jina kamili, picha ya sura na pini ya nyumba ni kumpa anayekutafuta nauli na njia.

Ndiyo maana kabla ya kuweka chochote, familia ikae pamoja na kuulizana. Jina la duka si lazima liwe jina la mtu. Picha iwe ya bidhaa, ya mlango, ya sahani. Watoto wasiwemo hata kwa nyuma. Ukiwa fundi wa kuwafuata wateja nyumbani kwao, Google inakuruhusu kuficha anwani na kutaja eneo tu. Kama unashona au kusuka chumbani unakolala, mimi naona heri usiweke pini kabisa. Weka namba ya simu, na unayempa njia uwe umemsikia sauti kwanza. Kwenye OpenStreetMap pia, jina la akaunti linaonekana kwa kila ulichobadilisha, basi usitumie lako la kweli.

Vijana nao wanasahau kwamba maoni wanayoyaandika kwenye maduka ya wengine yanabeba jina na picha ya akaunti yao. Mtu akisoma kwamba wiki hii umesifu chapati za hapa, wiki ijayo kinyozi wa hapa, ameshajua unaishi wapi bila kumuuliza mtu.

Kama umeshawekwa na hutaki, fungua ukurasa huo, tafuta sehemu ya kupendekeza mabadiliko, uombe mahali paondolewe au pawekwe alama kuwa pamefungwa. Kama unahisi kuna mtu anakutafuta, usiishie kwenye simu, nenda ukaseme kwenye ofisi ya ulinzi. Picha zilizowekwa na watu wengine huripotiwa moja moja na majibu yanaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo anza na zile zinazoonyesha sura.