Pima kipimo chako kabla ya kupima maji ya samaki

BIASHARA ya samaki wa mapambo wa baharini si ngeni katika pwani ya Kenya. Wazamiaji huwakamata samaki wadogo wa miambani wakiwa hai, wafanyabiashara huwahifadhi kwenye matangi, kisha husafirishwa kwa ndege kwenda nchi za nje. Samaki akifia tangini, fedha aliyolipwa mzamiaji hairudi.

Miongoni mwa mambo yanayowadhoofisha samaki hao ni chumvi kubadilika ghafla wanapohamishwa kutoka tangi moja hadi jingine. Maji ya bahari huwa na wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji.

Wengi hupima kwa rifraktomita, kifaa cha mkononi kinachofanana na darubini ndogo. Hakihitaji betri. Hupima jinsi mwanga unavyopinda unapopita majini. Chumvi ikiongezeka, mwanga hupinda zaidi. Tatizo ni kwamba kikianguka au skrubu yake ikisogea, husoma vibaya bila kutoa dalili yoyote.

Ili kukihakiki, fanya hivi:

1. Kiweke kivulini pamoja na maji ya kupimia kwa nusu saa ili joto lao lilingane. Vifaa vingi hujirekebisha kati ya nyuzi joto 10 na 30 tu, na jua la mchana la pwani huweza kuvuka hapo.

2. Safisha kioo, weka matone mawili au matatu ya maji yasiyo na chumvi wala madini, kama yale ya kuongezea betri ya gari (siyo asidi!). Funga kifuniko, hakikisha hakuna mapovu, subiri nusu dakika.

3. Chungulia ukielekea kwenye mwanga. Mstari unaotenganisha buluu na nyeupe ukae kwenye sifuri. Usipokaa, zungusha skrubu taratibu.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hasara huanzia. Kifaa kinaweza kusoma sifuri sawasawa na bado kikakosea kwenye 35. Isitoshe, vingi vimetengenezwa kupima maji ya chumvi ya mezani, si ya bahari. Kifaa cha aina hiyo husoma karibu 36.5 kwenye maji ya bahari yenye 35. Mwenye tangi hudhani chumvi imezidi, huongeza maji baridi, na kumbe anayaharibu maji yaliyokuwa sahihi.

Dawa yake ni kukihakiki pia kwa maji maalumu ya 35 yanayouzwa na wauzaji wa vifaa vya matangi. Ukiyakosa, pima kwa mizani gramu 36.5 za chumvi safi iliyo kavu, uiyeyushe katika gramu 963.5 za maji yale yasiyo na madini. Mchanganyiko huo hupindisha mwanga sawa na maji ya bahari yenye 35. Weka tone, kisha rekebisha skrubu hadi mstari usome 35.

Ukimaliza, osha kioo kwa maji baridi na ukifute kwa kitambaa laini. Rudia uhakiki huu kila wiki, na kila kifaa kinapoanguka. Andika tarehe na usomaji, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.