Bastola nayo huchoka: Funzo la chuma kilichowapasukia makomando wa Marekani

Mnamo Septemba 22, 1987, komando wa jeshi la majini la Marekani alifyatua bastola yake kama alivyozoea, lakini safari hii silaha ilimgeukia mwenyewe. Kipande cha juu cha bastola hiyo kilikatika mara mbili na nusu ya nyuma ikaruka hadi usoni mwake. Januari na Februari mwaka uliofuata, wenzake wawili walipatwa na masaibu yayo hayo. Mmoja wa watatu hao alivunjika jino, nao wawili wakashonwa majeraha ya uso.

Silaha hizo hazikuwa kuukuu wala za magendo. Zilitoka kwa Beretta, kampuni ya Italia ambayo historia yake ya kuunda silaha inaanzia mwaka wa 1526. Ya kwanza ilikuwa ya aina inayouzwa kwa raia. Mbili zilizofuata zilikuwa M9, bastola ambayo jeshi la Marekani lilikuwa limeichagua Januari 1985 kuchukua mahali pa Colt ya mwaka wa 1911. Mkataba wake ulikuwa wa bastola zaidi ya 300,000, kwa gharama ya takriban dola milioni 75.

Je, silaha mpya ya kampuni kongwe, iliyopita majaribio ya jeshi tajiri kuliko yote duniani, hupasukaje mkononi mwa mtumiaji?

Ili kupata jibu, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi bastola inayojipakia yenyewe inavyofanya kazi. Risasi ya milimita 9 inapofyatuliwa, baruti huungua na kutoa gesi yenye shinikizo linalozidi lile la hewa ya kawaida zaidi ya mara 2,000. Gesi hiyo husukuma risasi mbele kupitia mtutu, na papo hapo hukisukuma nyuma kile kipande cha juu, ambacho mafundi hukiita slaidi. Slaidi inaporudi nyuma hulitupa nje ganda tupu. Kisha springi huirudisha mbele, nayo huchota risasi nyingine kutoka kwa magazini. Yote hayo hutendeka kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua.

Kwa hivyo, kila risasi ni kipigo kwa chuma. Atakaye kujua athari ya vipigo hivyo na atwae kipande cha waya, akikunje na kukikunjua mara kadhaa. Waya hautakatika mara ya kwanza wala ya pili, lakini hatimaye utakatika hata kama nguvu iliyotumika ni ile ile. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma. Ufa mdogo usioonekana kwa macho huanza penye pembe au mahali chuma kilipochongwa kikawa chembamba, nao hukua kila risasi inapotoka hadi siku chuma kinapoachana ghafla. Slaidi ya komando yule ilikatikia pale inapokutana na kipande kinachoufunga mtutu, mahali penye mkazo mkubwa.

Hata hivyo, uchovu peke yake haukutosha kueleza yaliyotokea. Jeshi la nchi kavu lilichukua bastola kadhaa na kuzifyatua mfululizo hadi slaidi zikakatika. Moja ilikatika baada ya risasi 23,310, nyingine baada ya 30,083 na ya tatu baada ya 30,545. Ikizingatiwa kwamba jeshi lilikuwa limeitisha bastola itakayostahimili risasi 5,000, silaha hizo zilikuwa zimetumika zaidi ya mara nne ya umri wake. Hakuna fundi anayeweza kulalamika juu ya chuma kama hicho.

Lakini slaidi za makomando zilipopelekwa maabarani, ilibainika kuwa chuma chake hakikuwa shupavu inavyotakikana. Ifahamike kwamba ugumu na ushupavu ni mambo mawili tofauti. Kioo ni kigumu lakini kikigongwa hupasuka. Chuma kizuri hustahimili kugongwa bila kupasuka. Ushupavu huo hutegemea madini yaliyochanganywa, kiwango cha moto kilichotumika na jinsi chuma kilivyopozwa. Kosa dogo katika hatua mojawapo halionekani dukani wala ghalani, kwani slaidi dhaifu na slaidi imara hung'aa sawasawa.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kila bastola ina mwisho wake, na inayofikia mwisho huo baada ya risasi 30,000 imetimiza wajibu wake. Inayokatika mapema ina kasoro ya kiwandani. Hatari kubwa ni pale mnunuzi asipoweza kuzitofautisha kabla hazijamjeruhi mtu.

Kampuni haikukubali lawama yote. Ilidai kuwa makomando walitumia risasi zenye shinikizo lililopita kiwango kilichokusudiwa. Mabishano hayo yalifika hadi kwa wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, ambao ripoti yao ya mwaka wa 1988 ilihesabu slaidi 14 zilizokuwa zimekatika, nyingi zikiwa katika maabara.

Huku mabishano yakiendelea, suluhisho lilikuwa rahisi ajabu. Kichwa cha pini inayoshikilia nyundo ya bastola kilipanuliwa ili kiingie katika mfuo uliochongwa ndani ya slaidi. Kuanzia hapo, hata slaidi ikikatika, nusu ya nyuma hushikwa na pini hiyo isiruke hadi usoni. Mabadiliko hayo hayakuzuia chuma kuchoka, bali yalihakikisha kwamba kikichoka hakitamdhuru mtu. M9 ilishindanishwa upya na bastola nyingine, ikashinda tena mwaka wa 1989, na ikatumika kwa zaidi ya miaka 30.

Isitoshe, matatizo yaliyofuata yalidhihirisha kuwa bastola si chuma cha juu pekee. Katika vita vya Iraq vilivyoanza mwaka wa 2003, wanajeshi wa Marekani walilalamika kuwa M9 zilikwama katikati ya kufyatua. Chanzo kilikuwa magazini zilizoundwa na kampuni nyingine kwa bei nafuu. Rangi ya kuzuia kutu iliyopakwa ndani yake ilikuwa na mikwaruzo iliyonasa vumbi laini la jangwani, hivyo risasi hazikupanda ipasavyo. Bastola ilikuwa nzima. Kilichoiangusha ni kisanduku cha bati.

Januari 2017, jeshi hilo lilichagua mrithi wa M9, bastola iliyotokana na P320 ya kampuni ya SIG Sauer. Mnamo Agosti mwaka huo, ilibainika kwamba P320 zilizouzwa kwa raia zingeweza kujifyatua zikianguka chini kwa pembe fulani. Kifyatulio chake kilikuwa kizito kiasi kwamba bastola ilipogonga sakafu, chenyewe kiliendelea kwenda nyuma kana kwamba kimevutwa kwa kidole. Kampuni ilijitolea kubadilisha sehemu hizo na kuweka nyepesi. Ripoti ya wakaguzi wa majaribio wa Pentagon ilieleza kuwa jeshi lilikuwa limegundua kasoro hiyo katika majaribio yake, na kwamba vifyatulio vingine vilimeguka hadi utengenezaji wake ukarekebishwa.

Aidha, mbinu za utengenezaji zenyewe zimebadilika. Zamani sehemu nyingi zilifuliwa kutoka kwa bonge la chuma kisha zikachongwa. Siku hizi sehemu ndogo nyingi huundwa kwa unga wa chuma uliochanganywa na gundi, ukasukumwa ndani ya kalibu na kuchomwa tanuruni. Mbinu hii hupunguza gharama, na ikifuatwa vyema hutoa kifaa imara. Lakini kifaa hunywea sana kikichomwa, na moto usipokuwa sawa huacha vishimo ndani ambavyo baadaye huwa chanzo cha nyufa.

Haya si mambo ya Wamarekani pekee. Aprili 2021, Kenya ilifungua kiwanda cha silaha ndogo huko Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kilichotarajiwa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Ingawa bunduki si bastola, uchovu wa chuma ni ule ule. Anayeunda silaha, sawa na anayeinunua, hana budi kuhesabu risasi zilizofyatuliwa, kubadilisha springi na sehemu nyingine kabla hazijakatika, na kupima chuma cha kila shehena badala ya kutegemea jina la kampuni.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Makomando wale watatu walijifunza kwa majeraha kwamba si kila kilichoundwa kimeundwa sawa, na kwamba aulipiaye uzembe wa kiwandani mara nyingi ni yule aliyeishika silaha.